Usitoke Wodini Bila Kujua Uliumwa Nini



Leo nawapa kazi ndogo ya kufanya nyumbani. Mtafute mtu katika ukoo wako ambaye amelazwa hospitali mwaka huu au mwaka jana. Pengine ni babako, nyanyako, au khalati yako. Muulize maswali matatu tu: Walisema ulikuwa na ugonjwa gani? Vipimo vilionyesha nini? Dawa ulizotoka nazo zinaitwaje na za kazi gani?

Wengi watakujibu hivi: "Walinitundika dripu." "Walisema damu ina wadudu." "Kulikuwa na tembe nyeupe kubwa na nyingine za manjano." Na jibu maarufu kuliko yote: "Mimi sijui mwanangu, daktari ndiye anajua."

Mtu amelala kitandani siku tisa. Ametolewa damu, amepigwa picha ya kifua, familia imechanga pesa kwenye kundi la WhatsApp, kisha anarudi nyumbani hajui alikuwa anaumwa nini. Tunasema alhamdulillahi karudi salama, na yanaishia hapo. Miezi minne baadaye analazwa tena, hospitali nyingine, daktari mwingine. Anaulizwa, "Mara ya kwanza walikutibu nini?" Kimya. Kila kitu kinaanza upya: vipimo upya, gharama upya, kubahatisha upya.

Hoja yangu ni moja. Habari ya ugonjwa wako ni yako. Una haki ya kuulizwa vizuri ili uitoe, una haki ya kurudishiwa ukiwa umeelezwa na kuandikiwa, na hakuna mtu wa kuichukua bila ruhusa yako. Tumezoea kupigania haki barabarani, mahakamani na kwenye ofisi za vitambulisho. Hii ya wodini tumeiacha, na ndiyo inayotuua kimyakimya.

UGONJWA WA NDANI HAUONEKANI KWA MACHO

Aliyevunjika mguu haulizwi mengi. Mfupa unaonekana kwenye picha. Lakini nenda wodi ya magonjwa ya ndani, ile ya watu wazima wenye sukari, presha, kiharusi, figo, ini, moyo, kifua kikuu na homa zisizoisha. Pale wagonjwa kumi wanaweza kuingia wakisema maneno yaleyale: "Nahisi homa, sina nguvu, sili." Na wote kumi wakawa na magonjwa tofauti.

Daktari wa wodi hiyo ana vitu vitatu mkononi: maelezo ya mgonjwa, mikono yake ya kupima mwili, na vipimo vya maabara. Cha kwanza ndicho kinachoongoza viwili vinavyofuata. Kama hujaulizwa vizuri, hata kipimo kitakachoagizwa kinaweza kuwa kisicho chako.

Ndiyo maana faili huanza na maelezo. Unaumwa nini, tangu lini, kulianzaje, umetumia dawa gani, unafanya kazi gani, umesafiri wapi, nyumbani nani mwingine anaumwa. Baadaye, kisa kikiwa cha ajabu au chenye funzo, madaktari hukiandika kama ripoti na kukichapisha kwenye jarida la tiba ili wenzao wa mbali wajifunze. Mgonjwa mmoja anaelezewa toka dalili ya kwanza hadi mwisho wake, awe amepona au amefariki. Sehemu kubwa ya elimu ya tiba imejengwa hivyo, kisa baada ya kisa.

SWALI ALILOSAHAU AL-RAZI

Jambo hili si la juzi. Abu Bakr al-Razi, aliyezaliwa Rayy karibu na Tehran ya leo na kufariki yapata mwaka 925, alisimamia hospitali huko kwao na Baghdad. Alikuwa na tabia ya kuandika visa vya wagonjwa wake. Alipofariki, maandishi yake mengi yalikusanywa yakawa kitabu kikubwa kiitwacho Al-Hawi, ambacho kilitafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1279 na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Katika visa hivyo kuna kimoja ningependa kila daktari mwanagenzi wa Kenya akijue. Mgonjwa mmoja alikuwa akipata homa za kuja na kuondoka. Mara kila siku, mara baada ya siku kadhaa, pamoja na kutetemeka kidogo na kwenda haja ndogo mara nyingi. Al-Razi alikuwa na mawazo mawili: ama ni homa ya vipindi, ama ni jipu kwenye figo. Muda si mrefu mgonjwa akaanza kutoa usaha kwenye mkojo. Kumbe ni figo.

Sasa angalia alichoandika. Hakujisifu. Alieleza kwa nini hakuwa na uhakika tangu mwanzo: mgonjwa hakumwambia kwamba anahisi uzito kiunoni anaposimama, na yeye mwenyewe alisahau kumuuliza.

Daktari mkubwa wa zama zake aliweka kwenye karatasi kwamba kuna swali halikuulizwa. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na homa zetu bado zinakwama palepale.

VISA VYA KWETU

Msidhani haya ni mambo ya vitabu tu. Mwezi wa Desemba 2006 hospitali za Garissa zilipata wagonjwa wa homa kali na kuvuja damu, baadhi yao wakafariki, na taarifa zao zikapelekwa Wizara ya Afya. Damu ilipopimwa ikabainika ni homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaompata binadamu kupitia mbu na kwa kushika damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Kabla mlipuko haujaisha mwaka 2007, Kenya ilikuwa imepoteza zaidi ya watu 150, wengi wao wafugaji wa kaskazini mashariki. Hatua za kuzuia zilianza baada ya wagonjwa wale kuandikwa na kuripotiwa. Mgonjwa asiyeandikwa hamuonyi mtu mwingine.

Miaka miwili kabla ya hapo, 2004, ilikuwa Lamu. Watu walishikwa na homa na maumivu ya viungo hata kusimama ikawa shida. Ilikuwa chikungunya, ugonjwa ambao hata jina lake ni la kwetu Afrika Mashariki. Linatokana na lugha ya Kimakonde, kwa sababu ulielezwa mara ya kwanza na madaktari kusini mwa Tanzania miaka ya 1950. Uchunguzi uliofanywa kisiwani Lamu Oktoba 2004 ulionyesha kwamba robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Baadaye ukafika Mombasa, na mwaka 2005 ukavuka hadi Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi.

Na UKIMWI je? Dunia iliusikia kwa mara ya kwanza kupitia ripoti fupi ya tarehe 5 Juni 1981 kuhusu vijana watano wa Los Angeles waliopata nimonia isiyo ya kawaida. Wagonjwa watano tu! Madaktari waliwasikiliza, wakaandika, wakashangaa pamoja.

Kwa hiyo mgonjwa anapoambiwa "nyamaza, jibu ulichoulizwa," kinachopotea si heshima yake peke yake. Inapotea habari ambayo ingeweza kumponya yeye na kumkinga jirani yake.

PALE MAMBO YANAPOHARIBIKA

Chukua mfano wa mfugaji anayeletwa mjini kutoka kaskazini mashariki. Homa inakuja na kuondoka kwa wiki kadhaa, anatoka jasho usiku, mgongo na viungo vinauma. Zahanati ya kwanza inamwambia malaria. Ya pili inasema taifodi, anachomwa sindano. Anapata nafuu kidogo, homa inarudi.

Swali la kumwokoa ni rahisi kabisa: "Nyumbani mnakunywa maziwa mabichi?" Akijibu ndiyo, daktari atafikiria brusela, ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia kupitia maziwa yasiyochemshwa au kwa kumsaidia mnyama kuzaa. Tiba yake ni dawa mbili za kuua bakteria kwa muda wa wiki sita hivi. Akipewa dozi ya siku tano ya taifodi, ugonjwa utajificha tu na kurudi.

Lakini hilo swali nani atamuuliza, na kwa lugha gani? Mzee anaongea Kisomali au Kiborana. Daktari ni wa kutoka sehemu nyingine ya nchi. Katikati anaitwa mhudumu wa usafi atafsiri, au kijana wa kitanda cha jirani. Mzee anaeleza kwa dakika tatu, mtafsiri anasema: "Anasema homa." Hiyo "anasema homa" ndiyo inaingia kwenye faili.

Mfano mwingine ni wa kila mwaka. Ramadhan ikifika, wodi zetu zinapokea watu wa sukari waliozimia kabla ya magharibi. Utafiti wa mwaka 2001 uliohusisha Waislamu zaidi ya 12,000 wenye kisukari katika nchi 13 ulionyesha kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya pili, kushuka kwa sukari hadi kulazwa kuliongezeka takriban mara saba mwezi wa Ramadhan ukilinganisha na miezi mingine. Hatari zaidi ni kwa anayechoma insulini au kumeza vidonge kama glibenclamide, kisha akaendelea na dozi ileile huku hali mchana kutwa.

Ushauri wa wataalamu ni kumuona daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, ili dozi ibadilishwe au mgonjwa aambiwe kwamba hali yake hairuhusu kufunga. Lakini daktari hakuuliza, labda hata hajui Ramadhan inaanza lini. Mgonjwa naye hakusema, anaogopa atakatazwa. Wawili hawa wamekaa chumba kimoja, kila mmoja ameshika nusu ya habari.

Kisha kuna siku ya kutoka. Hapo ndipo uchungu zaidi. Mgonjwa anapewa karatasi ya kutoka hospitali ambayo imeandikwa mistari miwili kwa mwandiko usiosomeka, na kufupishwa kwa herufi ambazo hata nesi wa zahanati ya kijijini hazifahamu. Matokeo ya vipimo yamebaki kwenye faili, na faili imebaki kabatini. Mgonjwa kutoka Lamu aliyetibiwa Mombasa amerudi kwao zaidi ya kilomita 300. Akizidiwa usiku, atakayempokea hana chochote cha kushika.

NA SISI TUNAFICHA

Tuseme kweli hata kama inauma. Si madaktari peke yao.

Sisi watu wa familia tuna mchezo wetu. Mgonjwa akiulizwa swali, mtoto mkubwa anajibu. Daktari akileta habari nzito, tunamvuta pembeni: "Usimwambie mama, atakufa kwa hofu." Mama ana akili timamu, amelea watoto saba, ameendesha biashara miaka thelathini. Leo ndo hawezi kuambiwa kwamba figo zake zimechoka? Ana deni anataka kulilipa, ana wasia anataka kuuacha, ana watu anataka kuwaomba msamaha. Tukimficha, tunamnyima hayo yote kwa jina la huruma.

Halafu kuna yale tusiyoyasema kwa aibu. Mzee anatumia dawa za miti shamba kwa mwezi mzima, hasemi. Kijana anakula miraa hadi alfajiri na presha iko juu, hasemi. Mama mwenye sukari ananunua kemisti dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen kila siku kwa ajili ya magoti, na hajui kwamba zikitumika muda mrefu zinaweza kumharibia figo. Akiulizwa "kuna dawa unatumia?" anajibu "hapana," kwa sababu kwake yeye dawa ya kemisti si dawa.

Anayetumia ARV anaogopa kusema mbele ya shemeji aliyekuja kumuangalia. Hapo suluhisho si kumlaumu. Suluhisho ni shemeji kutoka nje, na daktari kuhakikisha mazungumzo ni ya siri.

SHERIA INASEMA NINI

Hakuna hisani hapa. Haya yameandikwa.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine kama anazihitaji ili kulinda haki yake. Kifungu hichohicho kinakupa haki ya kusahihishiwa habari isiyo kweli inayokuhusu.

Sheria ya Afya ya 2017 iko wazi zaidi. Mhudumu wa afya anatakiwa kumweleza mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, madhara na gharama zake, na haki yake ya kukataa. Amruhusiwe kunyamaza pale tu ambapo kuna ushahidi mzito kwamba kumwambia kutamdhuru mgonjwa mwenyewe. Na inapowezekana, amweleze kwa lugha anayoielewa. Soma tena hapo: LUGHA ANAYOIELEWA. Sheria hiyo inalinda siri ya mgonjwa, inataka ridhaa yake kabla ya kutibiwa, na inampa haki ya kulalamika na lalamiko lake kuchunguzwa. Nayo inamtaka mgonjwa atoe habari sahihi kuhusu afya yake. Haki na wajibu vimewekwa pamoja.

Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2013 unaongeza haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Kumwambia daktari "naomba nisikie na mwingine" si matusi.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti. Una haki ya kujua zinatumika vipi, kuziona, na kuzisahihisha.

PICHA YAKO NA KISA CHAKO

Hapa nawaomba mkae makini, kwa sababu simu imeleta balaa jipya.

Ripoti ya kisa cha mgonjwa ina masharti yake. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2013 kwa waandishi wa ripoti hizo unataka mgonjwa atoe ridhaa, na unahimiza ripoti iwe na sehemu ya mgonjwa kusema mwenyewe alivyoyaona matibabu yake. Majarida yanayoheshimika yanadai ridhaa ya maandishi. Jina linaondolewa, sura inafichwa.

Linganisha na mtu anayepiga picha ya kidonda cha mgonjwa au sura yake akiwa na mpira wa hewa puani, kisha akairusha kwenye kundi la WhatsApp na maneno "kisa cha leo." Hiyo si elimu. Na tusijitoe: wageni wanaokuja kutazama wagonjwa nao wanapiga picha na kupandisha mtandaoni na "tumuombee dua." Mgonjwa hakuulizwa. Amelala nusu uchi, hajachana nywele, na mtaa mzima umemuona. Dua haihitaji picha.

Vilevile hospitali za kufundishia. Raundi inafika kitandani, wanafunzi kumi nyuma ya daktari bingwa, shuka linafunuliwa. Mama aliyejisitiri maisha yake yote anageuza uso ukutani. Ana haki ya kuulizwa kwanza. Ana haki ya kuomba pazia livutwe, wapungue, awepo muuguzi wa kike. Ana haki ya kusema hapana, na matibabu yake yasipungue hata chembe.

Lakini akikubali kwa hiari yake, amefanya jambo kubwa. Daktari atakayemtibu mjukuu wake kesho amejifunza kwake. Mimi siwaambii mkatae. Nawaambia tuulizwe. Kisa kinachotolewa kwa ridhaa ni sadaka, na kinachochukuliwa kwa nguvu ni wizi.

"MADAKTARI WENYEWE WACHACHE"

Najua wapo watakaosema, "Ndugu, unaota. Daktari mmoja ana wagonjwa arubaini, huo muda wa kukaa na mzee na mtafsiri ataupata wapi?"

Ni kweli. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 56, na mojawapo ya madai makubwa ilikuwa hali ya madaktari wanagenzi, haohao wanaoandika faili zetu saa tisa usiku. Mgonjwa na daktari mchovu hawako pande mbili za vita. Wote wawili wanaonewa na bajeti ileile.

Lakini uchache haujibu kila kitu. Kumtazama mgonjwa usoni hakuhitaji bajeti. Kuandika jina la ugonjwa kwa mwandiko unaosomeka ni dakika moja. Na kuuliza swali moja sahihi kunapunguza kazi, manake mgonjwa aliyetibiwa vibaya atarudi palepale wodini akiwa amezidiwa. Serikali za kaunti nazo, afya iko chini yao tangu ugatuzi wa 2013. Wanaweza kuajiri watafsiri wa lugha za wenyeji, na wanaweza kutoa amri kwamba hakuna mgonjwa anayetoka bila muhtasari unaosomeka. Hayo ni ya kuwauliza wawakilishi wa wadi mkikutana nao, si kuwaomba tisheti tu.

KAZI YAKO WEWE KIJANA

Wewe ndiye unayejua kusoma hizo karatasi. Wewe ndiye mwenye simu na bando. Usiwe wa kuleta uji na kuondoka. Fanya haya:

1. Kabla ya kwenda, andika na mgonjwa wako ukurasa mmoja: dalili zilianza lini na zilibadilika vipi, magonjwa ya zamani, dawa ZOTE pamoja na za kemisti na za miti shamba, dawa zinazomdhuru, safari za karibuni, mifugo na maziwa, nani mwingine nyumbani anaumwa.

2. Beba dawa zenyewe kwenye mfuko. "Tembe nyeupe" haimsaidii daktari.

3. Mwache mgonjwa aseme mwenyewe kwanza. Wewe ongeza alichosahau. Ukiwa mtafsiri, tafsiri yote, usifupishe.

4. Raundi ikipita, uliza kwa adabu: Daktari, mnafikiri ni nini? Ni nini kingine kinaweza kuwa? Kipimo hiki kinatafuta nini? Tukisubiri, dalili gani ni ya hatari?

5. Siku ya kutoka, msikubali karatasi tupu. Ombeni iandikwe ugonjwa, vipimo na matokeo, dawa kwa majina na muda wake, na tarehe ya kurudi. Piga picha ya kila karatasi, ihifadhi kwa simu yako, si kwenye kundi la ukoo.

6. Mkinyimwa, anzeni na msimamizi wa wodi, kisha ofisi ya mkuu wa hospitali, kwa maandishi, na mbaki na nakala. Kwa hospitali ya umma, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inatoa siku 21 za kujibiwa ombi lako, na saa 48 kama ni suala la uhai wa mtu. Uzembe wa matibabu unapelekwa Baraza la Madaktari, KMPDC. Siri ikivuja au picha ikisambazwa, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data inapokea malalamiko.

7. Yote haya kwa heshima. Sista uliyemfokea leo ndiye atakayemgeuza babako kitandani usiku wa manane. Simama imara, lakini usitukane.

Hatuombi makubwa. Tunataka mzee wetu aulizwe kwa lugha yake, aambiwe ukweli wa mwili wake, na arudi nyumbani na karatasi ambayo daktari yeyote wa Lamu, Wajir au Nairobi ataweza kuisoma. Mtu anayejua alichoumwa anaweza kujikinga, kuwaonya watoto wake, na kumshtaki aliyemdhulumu. Asiyejua hana hata pa kuanzia.

Usiishie kubonyeza like. Leo jioni kaa na mzazi wako na kalamu, muandike ule ukurasa mmoja. Mkimaliza, mtumie rafiki yako posti hii naye aandike wa kwao.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, na awape subira na nguvu wanaowahudumia.